Nyika Yenye Wenyewe

Mwezi wa Septemba, Ziwa Balangida huwa si ziwa tena. Maji yamekwenda na jua, limebaki bapa jeupe linaloumiza macho, nyuma yake ukuta wa Bonde la Ufa na mbele yake Mlima Hanang. Juu ya weupe ule huonekana nukta nyeusi zinazosogea taratibu. Ukizisubiri zikaribie, utaona ni watu na punda. Wamefuata chumvi. Wanaikwangua, wanaijaza kwenye viroba, kisha wanaipandisha vijijini, nyingine ya mifugo, nyingine ya kuuza.

Mgeni aliyetoka mjini, akisimama hapo kwa mara ya kwanza, husema: hili ni jangwa, hakuna kitu. Kauli hiyo ina historia ndefu katika wilaya za Hanang na Mbulu, na si historia njema. Imewahi kunyang'anya watu malisho. Imewahi kulimia makaburi ya wazee wao. Ndiyo maana safari ya nyika hii, pamoja na uzuri wake wote, inataka macho yanayouliza: hapa ni pa nani, na panatumikaje?

Kwa wasafiri wengi eneo hili ni nafasi iliyoachwa wazi kwenye ramani. Magari ya watalii yakifika Makuyuni hukata kulia kwenda Karatu na Ngorongoro. Wachache hunyoosha kuelekea Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara uliomegwa kutoka Arusha mwaka 2002. Kutoka Babati barabara ya lami ya kwenda Singida hupita Dareda, chini ya ukuta mrefu wa Bonde la Ufa, hadi Katesh, mji wa Wilaya ya Hanang. Juu ya ukuta huo ndiko Mbulu. Nyuma ya Mbulu, magharibi, ardhi inaporomoka tena kuelekea bonde la Yaeda na Ziwa Eyasi, na huko ndiko kwenye ukavu wenyewe.

Ukavu huo una sababu inayoonekana kwa macho. Upepo wa mvua hutoka Bahari ya Hindi, upande wa mashariki. Ukigonga nyanda za juu za Mbulu na Ngorongoro hulazimika kupanda, hupoa, na kumwaga maji yake huko juu. Ndiyo maana misitu ya Nou na Marang ni ya kijani na yenye ukungu asubuhi, na mito mingi ya eneo hilo huanzia humo. Upepo ukishavuka na kuteremka upande wa pili umebaki mkavu. Yaeda na Eyasi ziko katika kivuli hicho cha mvua. Mtu anaweza kuamka Mbulu amejifunika mablanketi mawili, na mchana wa siku hiyohiyo akawa chini ya mbuyu akitafuta kivuli kama mbuzi. Kwa kipimo cha wanajiografia hili si jangwa kamili la mchanga kama Sahara. Ni nyika kavu ya migunga, mibuyu na udongo wa chumvi, inayopata mvua kidogo, na mara nyingine hata hiyo kidogo isifike.

Katesh ni mahali pazuri pa kuanzia. Mji wenyewe si mkubwa: stendi, maduka ya vifaa vya kilimo, gesti, mama lishe, bodaboda zinazongoja abiria wa vijijini. Lakini siku ya mnada mji hubadilika. Mnada wa huku umezoeleka kufuata tarehe za mwezi na si siku ya juma, kwa hiyo anayetaka kuuona aulize tarehe kabla hajapanga safari. Ng'ombe hufika kwa miguu kutoka mbali. Wazee wa Kibarabaig huja na fimbo na mashuka yao, na baadhi ya wanawake walioolewa bado huvaa vazi la ngozi la heshima liitwalo hanang'wenda, lenye nyuzi ndefu na shanga. Vazi hilo lina miiko yake, na anayelipiga picha bila ruhusa amemkosea mvaaji mbele ya watu wake.

Jambo la kuzingatia mapema ni majina. Wageni wengi huwaita watu hawa Wamang'ati. Neno hilo lilitoka kwa Wamasai, na maana yake ni adui. Wenyewe ni Wabarabaig, tawi la watu wa Datoga.

Ukisikiliza kwa makini mnadani, utagundua kwamba umesimama mahali pa ajabu katika Afrika nzima. Mwanaisimu wa Kimarekani Joseph Greenberg, katika kitabu chake cha mwaka 1963, alizigawa lugha za bara hili katika koo kuu nne. Ukanda huu wa Mbulu, Hanang na majirani zao ni miongoni mwa sehemu chache ambako wasemaji wa koo zote nne wanaishi karibu karibu. Wairaqw na Wagorwa wanasema lugha za Kikushi, ndugu wa mbali wa Kisomali. Wabarabaig wanasema lugha ya Kinilo. Wanyiramba, Waisanzu na Wanyaturu, majirani wa upande wa Singida, ni Wabantu. Na Wahadzabe wa Yaeda wanasema lugha yenye sauti za vidoko vya ulimi ambayo Greenberg aliiweka pamoja na lugha za Kikhoisani za kusini mwa Afrika. Wataalamu wengi wa leo wanaona haina ndugu popote duniani. Watu hawa wanapokutana kupatana bei ya beberu, lugha inayowaunganisha ni Kiswahili. Hakuna darasa la historia ya Afrika linaloshinda saa mbili za kukaa kwenye mnada kama huo.

Juu ya yote hayo unasimama Mlima Hanang, mita 3,417, wa nne kwa urefu nchini. Ni volkano iliyolala. Msitu wake ni hifadhi ya mazingira asilia inayosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, na kibali cha kupanda huombwa kwao. Njia inayotumika zaidi huanzia Jorodom, karibu na Katesh. Mwenye miguu imara hupanda na kushuka kwa siku moja ndefu. Wengine hulala njiani. Huko juu hakuna maji ya kutegemea, hivyo kila tone hubebwa kutoka chini. Anayefika kileleni asubuhi isiyo na mawingu huuona ukuta wa Bonde la Ufa ukienda kaskazini, weupe wa Balangida chini ya miguu yake, na tambarare ya Basotu upande wa magharibi.

Jina la Jorodom, hata hivyo, halitajwi tena Katesh bila mtu kunyamaza kidogo. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima iliyokuwa imelowa na kulegea ilimeguka. Tope, mawe na magogo yalishuka kwenye makorongo hadi Jorodom, Gendabi, Ganana na katikati ya Katesh yenyewe. Watu zaidi ya 80 walikufa. Kwa siku kadhaa mji ulikuwa tope tupu, na vijana wa jeshi wakitafuta miili chini ya nyumba. Rais Samia Suluhu Hassan alikatisha safari yake ya mkutano wa tabianchi wa Dubai akaja Katesh. Wataalamu wa serikali walieleza kwamba volkano haikuwa imelipuka; ni miamba dhaifu iliyonywa maji hadi ikashindwa kujishikilia. Baadaye nyumba zaidi ya 100 zilijengwa Waret kwa ajili ya waliopoteza makazi.

Mtu anaweza kuuliza: mafuriko ya tope katika nchi kavu? Lakini ndivyo nchi kavu zilivyo. Mvua yake haiji kwa kipimo cha kijiko. Hukaa miezi bila tone, kisha ikaja yote kwa usiku mmoja, na ardhi iliyokauka haina namna ya kuipokea. Wazee wa bonde la Yaeda wanalijua hilo, ndiyo maana makazi ya zamani mengi yako mahali palipoinuka.

Waret ni jina ambalo Wabarabaig walikwisha kulisikia likitajwa kwenye nyaraka za serikali miaka mingi kabla ya maafa hayo. Hapo ndipo hadithi ya Basotu inapoanza.

Tambarare ya Basotu iko magharibi ya Hanang. Ni nchi ya mashimo ya volkano za kale, na moja ya mashimo hayo limejaa maji baridi na kuwa Ziwa Basotu, lenye samaki na viboko. Msafiri anayepita mwezi wa Mei akaona mawimbi ya mazao ya kijani hadi upeo wa macho atadhani ndivyo nchi ilivyoumbwa. Sivyo. Mwaka 1970, kwa msaada wa Kanada, serikali ilianza hapo kilimo kikubwa cha ngano kupitia shirika la NAFCO. Yalifikia mashamba saba: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Gawal, Gidagamowd, Waret na Murjanda, jumla ya ekari zipatazo 100,000. Taifa lilikuwa linataka mkate wake lenyewe, na hilo lilikuwa lengo la heshima. Matrekta makubwa yaliletwa, wahandisi walikuja, na kwa miaka kadhaa Hanang ikawa ghala kuu la ngano ya Tanzania.

Kosa lilikuwa katika namna wenye mradi walivyoitazama ardhi. Waliiona tupu. Ng'ombe hawakuwepo walipopima, basi wakahesabu kwamba hapana mwenyewe. Mtafiti Charles Lane, aliyeishi na Wabarabaig na kuandika kitabu juu ya malisho yao yaliyopotea, alieleza kwamba wafugaji hao walikuwa na mpango kamili wa kuhama kwa misimu kati ya aina nane za malisho: kando ya ziwa, mlimani, kwenye miteremko, kwenye mito. Bora kuliko yote yalikuwa mabonde yenye rutuba ya tambarare ya Basotu, yaitwayo muhajega. Waliyatumia kwa msimu wake na kuyapumzisha msimu mwingine. Mapumziko hayo ndiyo yaliyomdanganya mpimaji. Ngano ilipochukua muhajega, mzunguko mzima ulivunjika. Ng'ombe walibanwa kwenye maeneo yaliyobaki hadi nyasi zikaisha na udongo ukaanza kuondoka na maji.

Na kulikuwa na makaburi. Mzee wa Kibarabaig mwenye heshima akifa, watu wake humjengea bung'eda, kichuguu kikubwa cha udongo kinachoinuliwa hatua kwa hatua kwa miezi, kwa ibada na pombe ya asali. Vizazi vinavyofuata hurudi hapo kuzungumza naye. Matrekta yalipita juu ya baadhi ya makaburi hayo. Hilo pekee lingetosha kumfanya mtu ashtaki.

Walishtaki. Kesi ya Kijiji cha Mulbadaw na wengine 67 dhidi ya NAFCO imekuwa somo katika vyuo vya sheria nchini. Mwaka 1984 Mahakama Kuu iliwapa ushindi wanakijiji. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani iliutengua, na sababu mojawapo bado inachoma: ilionekana wadai hawakuthibitisha kwamba wao ni wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi ya zama hizo. Watu ambao babu zao wamezikwa chini ya ngano walitakiwa kuleta ushahidi kwamba wao ni wa hapo. Baadaye mashamba mengine yalibinafsishwa, mengine yakarudi mikononi mwa wananchi, na leo ukipita Basotu utaona ngano, mahindi, alizeti na mbaazi, huku makundi ya ng'ombe yakipita pembezoni. Amani imepatikana kwa kiasi, lakini uchungu haujaisha. Mgeni anayeketi na wazee wa Basotu aingie mazungumzo hayo kwa staha, na asikilize kuliko kusema.

Kutoka Dareda kuna njia ya kupanda ukuta wa Bonde la Ufa hadi Dongobesh na Mbulu. Nyingine hupanda Magara kutoka Mbuyu wa Mjerumani. Zote mbili hugeuza hali ya hewa kama mtu aliyefungua mlango. Juu kuna ubaridi, mashamba yaliyopangwa kwenye miteremko, na vitunguu saumu vilivyoijengea Mbulu jina katika masoko ya nchi. Hii ni nchi ya Wairaqw, wakulima hodari wa milimani. Zamani, walipokuwa wakivamiwa na wezi wa ng'ombe, walichimba nyumba zao za tembe ndani ya mteremko wa kilima, paa likawa usawa wa ardhi, mvamizi akapita juu yake bila kujua.

Ubaridi na urefu wa nchi hii vimezaa wakimbiaji. John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu, ndiye aliyemaliza mbio za marathoni za Olimpiki za Mexico City mwaka 1968 akiwa wa mwisho, goti limefungwa bendeji, uwanja ukiwa karibu mtupu. Gidamis Shahanga wa Katesh alishinda marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978 huko Edmonton, Kanada. Gabriel Geay, mtoto wa Tlawi, Mbulu, alikimbia marathoni ya Valencia mwaka 2022 kwa saa 2 na dakika 3 kamili, na mwaka uliofuata akawa wa pili Boston. Watoto wanaopanda kilima kila asubuhi kwenda shule wanafanya mazoezi hayohayo, bila kocha.

Kusini magharibi mwa Mbulu, mahali ambapo msafiri angetarajia kijiji kidogo cha vumbi, iko Haydom. Nyika hii ilikuwa pori la mbung'o. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Norway walijenga hospitali hapo na kuifungua mwaka 1955. Leo ni hospitali kubwa ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, yenye vitanda vya mamia na uwanja wake mdogo wa ndege, na mji mzima umekua kuizunguka: maduka, gesti, vyuo, soko. Wagonjwa huja kutoka Manyara, Singida, Simiyu na hata zaidi. Na kutoka hapa umetoka utafiti ambao dunia imeusoma. Mradi wa uzazi salama ulioongozwa na watafiti wa Haydom pamoja na wenzao wa Stavanger, Norway, uliingia katika hospitali 30 za mikoa mitano, ukiwafundisha wakunga kwa mazoezi mafupi ya mara kwa mara wodini. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2025 katika jarida la kitabibu la New England, yakihusu akina mama na watoto karibu 300,000: vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 40, na vifo vya akina mama kwa karibu robo tatu. Mawazo makubwa hayahitaji mji mkubwa.

Yanahitaji barabara, lakini. Barabara ya kutoka Karatu kupitia Mbulu, Haydom na daraja la Sibiti hadi Lalago na Maswa, yenye kilomita 389, imekuwa ahadi ya miaka mingi. Mwezi Mei 2022 mbunge wa Mbulu Vijijini, Flatei Massay, alisimama bungeni kuidai, kisha akapiga sarakasi mbele ya wabunge wenzake ili asikike. Wengine walicheka. Lakini anayekumbuka kwamba hiyo ndiyo njia ya mama mwenye uchungu wa uzazi kufika Haydom haoni sababu ya kucheka. Sehemu za lami zimeanza kujengwa, na kila kilomita inayokamilika ni dakika zilizookolewa.

Kutoka Haydom au Mbulu, njia ya Yaeda huteremka. Migunga inazidi, mibuyu inatokea, na udongo unageuka mweusi na mzito kiasi kwamba mvua ikinyesha gari la kawaida hukwama hadi milango. Hapa ndipo wanaishi Wahadzabe, watu wanaokadiriwa kuwa 1,000 na kidogo, wengi wao wakikaa kuzunguka Eyasi na Yaeda. Baadhi bado wanaishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi, kuchuma matunda, kuvunja ubuyu na kurina asali. Serikali ilijaribu kuwahamishia kwenye makazi ya kudumu Yaeda Chini katikati ya miaka ya 1960. Wengi waliugua na wengi zaidi wakarudi porini.

Wanasayansi nao wamekuja hapa kwa wingi. Mwaka 2012 timu ya Herman Pontzer ilipima nguvu inayotumiwa na mwili wa Mhadzabe, mtu anayetembea kilomita nyingi kila siku, na ikakuta kwamba kwa siku haizidi ile ya mfanyakazi wa ofisini wa Marekani mwenye mwili wa ukubwa uleule. Wataalamu wa afya bado wanabishana juu ya maana yake.

Lakini kinachomshika zaidi mgeni ni mlembe, ndege mdogo wa rangi ya kijivu anayeongoza watu kwenye mizinga ya nyuki. Mwindaji hupiga mluzi. Ndege hujibu, huruka mti hadi mti, na mwanadamu humfuata. Mwanadamu huvunja mzinga kwa shoka na moshi, huchukua asali, na ndege hupata nta. Mwezi Desemba 2023 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Claire Spottiswoode na Brian Wood uliofanywa katika vilima vya Kidero. Walipiga kanda ya mluzi wa Wahadzabe, kisha ya sauti inayotumiwa na Wayao wa Msumbiji. Ndege wa Kidero waliuitikia mluzi wa Wahadzabe zaidi ya mara tatu kuliko sauti ya kigeni. Maana yake ni kwamba ndege wa porini wanaijua lugha ya majirani zao. Wahadzabe wakihama Kidero, mazungumzo hayo yatakatika, na hakuna maabara itakayoyarudisha.

Kuhama huko kumekaribia mara kadhaa. Wakulima na wafugaji wamekuwa wakisogea mwaka hadi mwaka, na kwa wengi wao pori la Wahadzabe lilionekana tupu, kama Basotu ilivyoonekana tupu. Mwaka 2007 kampuni ya uwindaji ya wateja wa kifalme kutoka Umoja wa Falme za Kiarabu ilipewa nafasi Yaeda, na baada ya malalamiko ikajiondoa mwaka huohuo. Safari hii somo la Basotu lilizaa kitu. Kwa kutumia Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na kwa msaada wa shirika la Ujamaa Community Resource Team, Wahadzabe mwaka 2011 walipata hati ya kimila ya pamoja: ardhi yao kwa jina la jamii nzima, si la mtu mmoja anayeweza kuiuza. Juu ya msingi huo kampuni ya Carbon Tanzania ya Arusha ilianzisha biashara ya hewa ya ukaa. Kijiji kinailinda misitu isigeuzwe mashamba. Kiasi cha ukaa kilichobaki ndani ya miti kinapimwa na kuuzwa kwa wanunuzi wa nje. Na fedha zinarudi kulipa walinzi wa kijiji, matibabu na shule. Mkataba huo unajadiliwa kama mikataba yote, lakini kwa mara ya kwanza mbuyu uliosimama una bei, na anayeipokea ni yule aliyekuwa akikaa chini yake.

Anayetaka kwenda aende kati ya Juni na Oktoba, wakati njia za Yaeda ni kavu, na achukue koti zito kwa ajili ya Mbulu na Hanang, kwani Julai huko hukata mifupa. Abebe maji kuliko anavyodhani yatatosha. Ajifunze salamu: kwa Wahadzabe husemwa mtana, na kwa wazee wa Kiiraqw na Kibarabaig shikamoo ya heshima haijawahi kukosea. Kabla ya picha, kabla ya kufuata mluzi wa mlembe, kabla hata ya kuegesha gari chini ya mti, afike ofisi ya kijiji, amwone mtendaji au mwenyekiti, ajitambulishe, alipe ada anayoambiwa na apewe mtu wa kumwongoza. Na akipita Balangida siku ya chumvi, anunue kiroba kimoja kwa bei ya aliyekikwangua.